SAMAKI WA CHINI: NANI AKAE NA NANI?

Kwetu sisi tukaao karibu na Ziwa Tanganyika, samaki ni kitoweo. Dagaa na migebuka twawajua sana, kwa kuwa huliwa karibu kila nyumba. Lakini wako samaki wengine katika ziwa hilo hilo ambao hawaonekani sokoni hata siku moja, kwa sababu ni wadogo mno. Baadhi yao hawapiti urefu wa kidole. Samaki hao hukaa chini, mchangani na kwenye mawe, na wengi wao hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Watu wa Ulaya, Marekani na Japani huwanunua kwa fedha nyingi, wakawaweka nyumbani katika matangi ya kioo, wakawatazama jioni baada ya kazi. Sisi tulio jirani zao, wengi wetu hatuwajui hata kwa sura.

Katika makala hii nataka kueleza jinsi mtu awezavyo kufuga samaki wa chini nyumbani kwake, na hasa lile jambo ambalo ni gumu kuliko yote, yaani kujua ni samaki gani wawezao kukaa pamoja bila kuuana. Walimu watanisamehe nikiyarudia mambo wanayoyajua. Wazazi nao nawaomba wasome mpaka mwisho, maana tangi la kioo likiingia nyumbani, taabu yake huwaangukia wao pia.

KOSA LANGU

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Pili baba alinipatia tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60. Nikalijaza maji ya ziwa siku ya Jumamosi, na Jumapili nikaenda kwa mtu mmoja mwenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo, nikapata samaki tisa. Watano walikuwa wadogo wenye milia, wakaao ndani ya magamba ya konokono. Wawili walikuwa madume wa aina nyingine, nao pia ni wa magamba. Wawili wa mwisho walikuwa na sharubu na madoadoa meusi, wazuri sana kwa macho, kila mmoja mrefu kama kiganja cha mkono. Nilidhani kwamba kwa kuwa wote ni wa ziwa moja, na wote hukaa chini, basi watapatana. Baba alitazama akaniuliza, "Na wao umewauliza?" Nikacheka.

Siku ya tatu samaki mmoja mdogo alikuwa akielea juu, amekufa. Siku ya tano akafuata wa pili. Katika wiki ya pili dume mmoja nilimkuta pembeni, mapezi yamechanika, na jioni akafa. Wiki ya tatu wadogo wawili wakatoweka usiku bila kuacha hata mfupa. Katika samaki tisa wakabaki wanne. Mama alisema kwamba maji yale yana ugonjwa, nami nikaamini. Mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyenionyesha, kwa kuniuliza maswali tu, kwamba hapakuwa na ugonjwa wo wote. Yalikuwapo makosa matatu, na yote yalikuwa yangu: kosa la maji, kosa la mahali, na kosa la midomo. Nitayaeleza moja moja, lakini kwanza yatupasa kulitazama ziwa lenyewe.

SAKAFU YA ZIWA

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake ni karibu mita 1,470 mahali palipo pa kina zaidi. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linalolipita kwa kina. Nchi nne zimelizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ijapokuwa kina chake ni kikubwa hivyo, samaki hawaishi mpaka chini kabisa, maana oksijeni haifiki huko. Upande wa kaskazini hukoma kwenye kina cha mita 100 hivi, na upande wa kusini kama mita 200. Kwa hiyo tusemapo "samaki wa chini" twasema wale wakaao kwenye sakafu ya ziwa karibu na ufuko, ambako oksijeni ni tele na mwanga wafika.

Sakafu hiyo yenyewe haifanani kila mahali. Iko sehemu ya mawe makubwa, na katikati ya mawe mna nyufa na mapango. Iko sehemu ya mchanga mtupu. Iko sehemu ambako magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma yamelundikana kwa wingi juu ya mchanga. Tena iko ile sehemu ya mawe madogo kando kabisa, ambako mawimbi hupiga mchana na usiku. Kila sehemu ina wenyeji wake, kama vile mtaa wa wavuvi usivyokuwa mtaa wa wahunzi. Samaki wa jamii moja na sato na perege wapo katika ziwa hili zaidi ya aina 200, na karibu wote ni wa ziwa hili tu. Waliwezaje kuwa wengi namna hii? Sababu moja ni hiyo, kwamba kila aina imezoea mtaa wake, chakula chake na namna yake ya kulea watoto. Ukiwatoa katika mitaa yao ukawatia wote katika chumba kimoja, umewatendea jambo ambalo ziwa lenyewe halikuwatendea kamwe.

WENYEJI WENYEWE

Hebu tuwataje wachache. Hatuna budi kutumia majina yao ya kitaalamu, ingawa ni mazito kidogo kwa ulimi.

Wa kwanza ni Neolamprologus multifasciatus, yule mdogo wa milia. Bwana Boulenger wa London alimwandika mara ya kwanza mwaka 1906, baada ya msafara wa Bwana Cunnington kukusanya samaki ziwani mwaka 1904 na 1905. Dume hupata kama sentimita 5 tu, na jike ni mdogo zaidi. Huishi kwa ukoo, madume, majike na watoto pamoja, katika lundo la magamba ya konokono. Siku nzima huchota mchanga kwa kinywa na kuutupa kando, wakitengeneza milango yao. Jike hutaga mayai ndani kabisa ya gamba, na watoto wakitoka hubaki pale pale ukooni.

Wa pili ni Lamprologus ocellatus, mwenye doa kama jicho juu ya shavu. Dume hupata sentimita 6 hivi. Huyu hataki lundo. Kila mmoja huwa na gamba lake mwenyewe, naye hulichimbia mpaka likazama mchangani, ukabaki mlango tu. Dume mmoja aweza kuwa na majike kadhaa karibu yake, kila jike na gamba lake, lakini dume mwenzake hamtaki machoni pake.

Yuko na Neolamprologus brevis, ambaye dume na jike hulala katika gamba moja. Na yuko Lamprologus callipterus, ambaye habari zake ni za ajabu. Dume huyabeba magamba kwa mdomo, hata huyaiba kwa jirani, akayakusanya mahali pamoja, na majike huja kutaga ndani yake. Yeye mwenyewe hawezi kuingia, kwa kuwa uzito wake wapita wa jike mara 12 na zaidi. Huyo hafai kabisa kwa tangi dogo. Namtaja ili msomaji aone jinsi gamba tupu la konokono lilivyo mali kubwa huko chini.

Katika mawe hukaa Julidochromis ornatus, samaki mwembamba wa manjano mwenye milia mitatu meusi iendayo toka kichwani mpaka mkiani. Urefu wake ni kama sentimita 8. Hukaa wawili wawili, hubandika mayai juu ya dari ya pango, na wote wawili hulinda.

Kwenye mawimbi hukaa Eretmodus cyanostictus. Kibofu chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo haelei vizuri. Hurukaruka juu ya mawe kama chura, na mawimbi hayamchukui. Chakula chake ni mwani aukwanguao kwenye mawe. Jike hubeba mayai kinywani kwa siku kadhaa, kisha humkabidhi dume naye abebe zamu yake.

Wa mwisho ni yule wa sharubu na madoadoa, Synodontis multipunctatus, nduguye kambare. Samaki wabebao mayai kinywani wanapotaga, yeye hujipenyeza katikati akadondosha mayai yake, na mama kwa haraka huyaokota yote. Watoto wa sharubu huanguliwa mapema, wakawala watoto wa mwenye kinywa humo humo ndani. Mtaalamu wa Kijapani, Bwana Tetsu Sato, alilitangaza jambo hili mwaka 1986. Wahenga walisema kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mama huyu hachelewi hata kidogo, na bado mwana si wake.

KOSA LA KWANZA: MAJI

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, tena yana alkali. Ukiyapima utapata pH iliyo karibu na 9, hali maji yasiyo na asidi wala alkali huwa 7. Joto lake la juu ni kama digrii 24 hadi 28 za sentigredi. Samaki wake wamezoea hali hiyo tangu zama za zama. Ndiyo sababu haifai kuwachanganya na samaki wa chini watokao mito ya Amerika ya Kusini, kama wale wadogo wa sharubu waitwao Corydoras, ambao wengi wao ni wa maji laini. Maji yamfaayo mmoja humdhuru mwenzake, hata wawe wapole namna gani.

Lakini maji yaliyowaua samaki wangu wawili wa kwanza yalikuwa maji ya ziwa lenyewe. Shida ilikuwa uchafu usioonekana kwa macho. Samaki hutoa amonia mwilini mwake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Ziwani hutawanyika ikapotea. Katika tangi hukusanyika. Wako bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kisha wako wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Bakteria hao huota wenyewe juu ya mawe, mchanga na chujio, lakini yataka wiki nne hadi sita wapate kutosha. Mimi niliwapa siku moja.

Tena sikilizeni jambo hili, hasa ninyi msomao kemia. Amonia iliyomo majini huwa ya namna mbili, moja ya sumu kali na moja ya sumu ndogo, na kiasi cha kila moja hufuata pH. Katika maji ya pH 7 yenye joto la digrii 25, ile ya sumu kali haifiki hata sehemu 1 katika 100. Katika maji ya pH 9, joto likiwa lile lile, ni kama sehemu 36 katika 100. Maana yake ni kwamba uchafu ambao ungaliwasumbua kidogo tu samaki wa maji laini waweza kuwaua samaki wa Tanganyika. Afugaye samaki hawa hana ruhusa ya kuwa na haraka.

KOSA LA PILI: MAHALI

Mtu akienda kununua tangi huuliza lachukua lita ngapi. Kwa samaki wa chini swali hilo halitoshi. Yafaa aulize sakafu yake ina upana gani, maana samaki hawa hugombania sakafu, na maji yaliyo juu yao hawana haja nayo sana. Tazama mfano huu. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo 40 lachukua lita 128. Tangi lenye urefu wa sentimita 50, upana 40 na kimo 64 nalo lachukua lita 128 vile vile. Lakini sakafu ya la kwanza ni sentimita za mraba 3,200, na ya la pili ni 2,000 tu. Hilo la pili laonekana zuri sebuleni, nalo kwa samaki wa chini ni gereza.

Tangi langu la kwanza lilikuwa na sakafu ya sentimita za mraba 1,800, na juu ya sakafu hiyo niliweka madume wawili wa ocellatus. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ziwani dume aliyeshindwa hukimbia, na ugomvi huisha akishavuka mpaka wa mwenzake. Katika tangi langu alikimbia akafika kiooni, na mwenzake yu nyuma yake. Akarudi, akafika kioo cha pili. Hakuwa na pa kwenda. Nami nilipomwona pembeni nilidhani anaumwa, nikamtilia chakula. Kulikumbuka hilo hunisumbua hata leo.

KOSA LA TATU: MIDOMO

Samaki ye yote awezaye kuenea kinywani mwa mwenzake ni chakula, hata kama mchana wanaonekana majirani wema. Wale wawili wa sharubu mchana kutwa walijificha chini ya jiwe, nami nikawaona wapole. Taa ikizimwa walitoka, wakaipapasa sakafu yote kwa sharubu zao. Mimi niliweka magamba matano tu, na ocellatus walikuwa wamekwisha kuchukua mawili yaliyo bora. Baada ya dume mmoja kufa, yule aliyebaki aliyazuia yote yaliyokuwa upande wake. Kwa hiyo baadhi ya wadogo wa milia walilala nje. Hao ndio waliotoweka.

Msomaji ataona kwamba makosa haya yamefungamana. Kama pangalikuwa na mahali pa kutosha na magamba ya kutosha, midomo ingalipata shida zaidi. Kwa hiyo tangi hutengenezwa lote pamoja, tangu mwanzo.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, chagua tangi la sentimita 80 kwa 40 kwa 40, au kubwa zaidi. Lita 128 za maji ni kilo 128; ukiongeza kioo, mchanga na mawe, uzito wapita kilo 150. Liweke juu ya meza imara, mahali ambapo jua halipigi, kwa maana jua huotesha mwani na kupandisha joto.

Pili, weka mawe kabla ya mchanga, yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe. Samaki hawa ni wachimbaji, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga siku moja litaanguka, limponde samaki au livunje kioo. Kisha tia mchanga safi wa kina cha sentimita 5. Kwa tangi hili ni kama lita 16, karibu kilo 25. Uoshe mpaka maji yake yawe meupe kabisa. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee ndimu au siki. Likitoa mapovu, lina chokaa. Jiwe la namna hiyo lafaa sana kwa samaki hawa, kwa kuwa huyasaidia maji yasipoteze alkali yake. Wenzetu wa pwani wanaweza kutumia mchanga wa bahari ulioshwa mara nyingi mpaka chumvi imekwisha, lakini wasivunje matumbawe yaliyo hai.

Tatu, tafuta magamba matupu ya konokono wa nchi kavu, yale madogo ambayo kidole huenea mlangoni mwake. Yachemshe, uyasugue ndani, uyaoshe. Kila samaki mmoja apate magamba mawili au zaidi. Yaweke yote upande mmoja wa tangi, na mawe upande wa pili.

Nne, tia maji. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza katika ndoo wazi siku nzima. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwa kuwa ni laini mno.

Tano, weka chujio la sponji liendeshwalo na pampu ya hewa, nalo lifanye kazi mchana na usiku bila kuzimwa.

Sita, ngoja. Kila siku dondosha chembe chache za chakula ingawa hakuna samaki, ili bakteria wapate amonia ya kula. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi, mwombe kipande cha sponji yake. Bakteria watakuja nacho. Maji yapimwe kwa dawa za kupimia. Amonia na nitriti zikiwa hazionekani tena katika kipimo, ndipo samaki waingie.

NANI AKAE NA NANI

Katika tangi la sentimita 80 mimi nasifu nyumba ya namna hii. Upande wa magamba weka multifasciatus sita au wanane. Upande wa mawe weka Julidochromis ornatus wawili waliochaguana wenyewe. Namna ya kuwapata hao ni kulea watano au sita wangali wachanga, ukangoja mpaka wawili washike pango lao na kuwafukuza wengine. Hapo wale wengine uwatoe siku hiyo hiyo. Wadogo wa milia watangulie kuingia, wa mawe wafuate baada ya wiki mbili, ili wanyonge wawe wamekwisha kujipatia makao. Hawa hupatana kwa sababu mmoja hataki mchanga na mwingine hataki mapango. Watoto wachache wa milia wakipotea upande wa mawe wataliwa, lakini ukoo hautakwisha.

Anayewapenda ocellatus na aweke dume mmoja na majike wawili mahali pa multifasciatus. Asiwaweke wote katika tangi hili, kwa maana aina mbili za magamba katika sakafu ndogo hugombania mali moja.

Eretmodus wataka maji yaendayo kwa nguvu, yenye oksijeni nyingi, na mawe yenye mwani. Wawekwe wawili tu, dume na jike, katika tangi la sentimita 120. Na ampendaye samaki wa sharubu achague aina ndogo, kama Synodontis lucipinnis, asiyezidi sana sentimita 10, awaweke wanne au zaidi katika tangi hilo la 120, tena ajue kwamba mayai na watoto wa wenzao wataliwa usiku. Multipunctatus akikua ni mkubwa. Wenzake wawe samaki wakubwa, katika tangi kubwa zaidi.

CHAKULA NA KAZI ZA WIKI

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri mno, nao hupatikana bure. Waoshe katika maji safi, wala usitie wengi kuliko wanaoliwa, usije ukawafugia jirani zako mbu. Unga wa dagaa wakavu wasiotiwa chumvi wafaa pia, lakini chembe tu, kwa sababu huchafua maji upesi. Siku moja ya njaa kila wiki haiwadhuru.

Kila wiki toa maji ndoo moja ya lita 20, utie mengine yaliyo sawa kwa joto. Sponji ioshwe katika maji yale uliyoyatoa. Ukiiosha chini ya bomba, klorini itawaua bakteria wako wote, nawe utarudi siku ya kwanza.

Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa kikombe uyamwage toka juu mara kwa mara ili yapate hewa, au uwe na pampu ndogo ya betri. Tena ishike ishara hii: samaki wa chini akikaa juu, ana shida. Wote wakihema juu ya maji, maji ni mabaya. Badilisha sehemu yake saa hiyo hiyo. Mmoja akijibanza pembeni juu, mapezi yamechanika, anafukuzwa. Mtoe siku hiyo, usingoje kesho.

MAONYO MAWILI

La kwanza, kukamata samaki wa mapambo na kuwauza kwataka leseni ya uvuvi. Asiende mwanafunzi kujikusanyia mwenyewe, wala asizoe magamba ya sakafu ya ziwa, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba ni nyumba za watu.

La pili, samaki wa tangi asimwagwe kamwe ziwani wala mtoni, hata akiwa wa ziwa hilo hilo, na hasa akiwa mgeni. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, ambao ni jamaa za samaki hawa tuliowataja, zilikuwa zimetoweka katika ziwa hilo. Mtu asiyewataka tena samaki wake na ampe mwingine.

MWISHO

Mwaka huu nilianza upya kwa tangi la sentimita 80. Kwa wiki sita tangi lilikaa sebuleni na mawe, magamba na maji, bila samaki hata mmoja. Jirani walikuja wakamwuliza mama kama sasa tunafuga maji. Nilivumilia. Kisha wakaingia sita wa milia, na baadaye wawili wa mawe. Wale wanne wa zamani nilikuwa nimekwisha kuwarudisha kwa yule mtu wa leseni. Mpaka leo hakuna aliyekufa. Mwezi uliopita, nikiwa nasoma karibu na tangi usiku, niliona kwenye mlango wa gamba moja vitoto saba, kila kimoja kama punje ya mchele, na mama yao amesimama mbele yao. Nilimwita baba. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kumwamsha mama naye aje aone.

Mwanafunzi ye yote atakaye kuanza na aje chumba cha sayansi siku ya Ijumaa baada ya masomo. Nitampa kipande cha sponji chenye bakteria, na magamba kumi yaliyochemshwa. Samaki atawatafuta mwenyewe, baada ya wiki sita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne